Chungu Kisicho na Shingo

Siku ile Veneranda aliponisimamisha mbele yenu pale karakana ya ufinyanzi na kusema, "Huyu ni Mama Shija, amefinyanga maisha yake yote na hajawahi kukosa hata siku moja," nilikuwa nimejaza soda mdomoni, na nusura inipalie. Mlidhani ni uzee. Mmoja wenu akaja kunipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba maziwa. Mimi nikanyamaza, kwa sababu kiti mlichonipa kilikuwa na mto, na mtu mzima naye hupenda kusifiwa hata kama sifa si zake.

Sasa niko chumbani kwangu, hakuna wa kunisifu, basi nawaandikia ilivyokuwa. Vijana wangu, nimekosa siku nyingi. Nimekosa misimu mizima. Na siku ile mliponipigia makofi, nilikuwa sijagusa udongo tangu nihamie hapa Geita, na nimehamia zamani kiasi kwamba mwenye nyumba amekwisha kupaka rangi ukuta mara mbili. Vyungu vyangu anavyowaonesha Veneranda kwenye simu havisemi hayo. Chungu hakioneshi kwamba mwenyewe alikuwa amelala.

Kilichonisukuma kuandika ni ile kalenda yenu iliyotundikwa karibu na mlango wa karakana, ambayo kila mmoja anatia alama siku aliyofinyanga. Sina ugomvi nayo, inachangamsha. Ila niliuona mstari wa Ester. Alama zimepangana vizuri, halafu pengo, halafu alama moja ya woga, halafu basi. Mwezi uliopita nikamkuta sokoni akinunua dagaa. Aliponiona aliwaacha dagaa wake kwenye mizani akapita nyuma ya mabanda ya mitumba. Ester hanidai wala simdai. Alichokimbia ni swali: mbona siku hizi huji?

Ester, kama kuna atakayekusomea haya, ujue sikuwa na mpango wa kukuuliza. Lakini njia hiyo ya kuzunguka nyuma ya mabanda naijua vizuri. Wewe umeizunguka sokoni, mimi nilikuwa naizunguka ndani ya chumba changu mwenyewe.

Nianze na Nyamizi, maana bila yeye sina cha kusimulia.

Nimezaliwa Segese, enzi ambazo usiku wa Segese ulikuwa giza tupu, taa za mgodi bado. Nikaolewa Runzewe. Nilikuwa Msukuma mgeni kati ya Wasumbwa, simjui mtu, mume wangu kutwa yuko machimboni na akirudi ni kula na kulala. Kiwanja cha jirani kilikuwa cha Nyamizi, Mama Kashindye, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito na mikono midogo ambayo hukutegemea kuiona kwa mtu wa kimo kile. Nilikuwa nakwenda uani kwake kila asubuhi kwa kisingizio cha kuomba moto, ili tu nisikie mtu akinijibu. Siku moja akanikazia macho.

"Wewe jiko lako linazimika kila siku? Kaa chini ukande udongo, uache kunidanganya."

Nikakaa. Ndivyo nilivyoanza kazi. Si kipaji nilichokuwa nakitafuta, nilikuwa natafuta mtu wa kuongea naye.

Sasa kidogo juu ya kazi yenyewe, maana ninyi mna tanuru la matofali na gurudumu la umeme, na kuna mambo hamkuyapitia. Udongo wetu tulichimba bondeni wakati wa kiangazi, kwa sababu masika bonde linakuwa ziwa. Kila mmoja alikuwa na shimo lake uani, ameufunika udongo kwa magunia yenye maji. Udongo mtupu hauchomeki, unapasuka. Kwa hiyo tulikusanya vigae vya vyungu vilivyovunjika, vyetu na vya majirani, tukavitwanga kinuni, tukachekecha, na unga wake tukauchanganya na udongo mbichi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nyamizi alikuwa akidai wahenga hawakumaliza sentensi. "Hulia gaeni," anasema, "akishashiba anakitwanga na hicho kigae."

Jambo la pili, na hili mlishike kwa sababu nitalirudia. Hatukuchoma mtu mmoja mmoja. Moto wetu ulikuwa wa wazi, wa kuni na nyasi na samadi kavu ya ng'ombe, na unataka vyungu vingi vilivyopandana ili vishikiane joto. Chungu kimoja ukikiwashia moto wake peke yake kinaungua upande huu na kubaki kibichi upande ule. Kwa hiyo kila mfinyanzi alikuwa na mwenzake wa moto. Wangu alikuwa Nyamizi, na wake nilikuwa mimi.

Nilipojifungua Shija, mtoto alikuwa wa homa na kikohozi, nikaacha kazi. Hapo hakuna wa kunilaumu. Lakini Shija alipona, akanenepa, akaanza kutambaa na kula mchanga, na mimi bado siendi. Hili ndilo watu wanaposimulia kazi zao hulificha. Sababu iliisha, nami nikaendelea kukaa. Nilimsikia Nyamizi akitwanga vigae upande wa pili wa ua na moyo ukanienda mbio kana kwamba nimemwibia. Kila siku niliyokosa iliifanya ya kesho yake kuwa nzito zaidi. Mwishowe nilikuwa siogopi tena kazi. Nilikuwa naogopa kuonekana nimerudi.

Nikarudi kwa pupa. Nikafunua shimo langu, nikakuta udongo umekauka juu na chini bado una unyevu. Nikaumwagia maji, nikauponda kwa hasira, nikafinyanga vyungu mfululizo ili nifidie msimu mzima kwa wiki moja. Tena nilikuwa najisemea maneno mabaya wakati nafinyanga, ambayo hata mtoto wa adui yangu nisingemwambia. Vyungu vilitoka vimejaa madonge. Sikuvipa siku za kukauka. Kuna namna ya kupima, na ninyi ifanyeni hata kama mna mashine: weka chungu shavuni. Kikiwa cha baridi, kina maji ndani, usikipeleke motoni. Mimi shavu langu sikulitumia kabisa.

Siku ya kuchoma, tumekaa pembeni tunakula viazi, tukasikia paa! Kisha paa tena. Vyungu vyangu vilikuwa vinalipuka ndani ya moto, na chungu kikilipuka hakifi peke yake, vipande vinampiga jirani. Jirani alikuwa mtungi wa Nyamizi, mkubwa, ulioagizwa na watu wa harusi. Moto ulipopoa tuliutoa vipande vipande.

Nyamizi akaokota kigae kimoja changu, akakitazama pale kilipopasukia, akaona donge.

"Uliviweka shavuni?"

"Sikuviweka, dada."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechelewa."

"Umechelewa wapi, Mama Shija? Nani alikuwa anakungoja?"

Akaanza kucheka, kicheko chake kile kizito, mpaka Shija aliyekuwa mgongoni kwangu akacheka naye bila kujua tunachekea nini. Mimi nilikuwa nalia. Akanipa ungo nikusanye vigae vyote, vyangu na vyake, tukavitwange.

Jioni yake, tukitwanga, ndipo aliponifundisha jambo ambalo ningependa mlipeleke mahali popote, hata kama kesho mtaacha vyungu mkawa mafundi cherehani. Udongo uliokauka nusu ukiumwagia maji unajifunga. Nje unakuwa tope, ndani unabaki donge, na utaponda mpaka mabega yalegee. Lakini uache ukauke kabisa, uwe jiwe, mpaka wewe mwenyewe uone umekufa. Halafu uweke kwenye maji na usiuguse. Utafunguka wenyewe.

"Na mtu ni hivyo hivyo," alisema. "Ukikaa, kaa. Wewe ulikuwa umekaa huku unajitukana. Hukupumzika na hukufanya kazi. Udongo hauna kinyongo na wewe, mama. Kinyongo unacho wewe."

Akaniambia pia kwamba anayerudi asianze na mtungi. Aanze na mfuniko. Mfuniko wa kwanza usichomwe, urudishwe majini, kwa sababu huo ni wa kuamsha mikono tu. Nimefanya hivyo kila niliporudi, na nimerudi mara nyingi, kwa sababu niliacha mara nyingi. Niliacha kwa kilimo, kwa misiba, kwa ugomvi wa nyumbani, na mara nyingine niliacha kwa kuwa nimeacha tu. Kila mara Nyamizi aliponiona nikiingia uani kwake alisema, "Mfuniko," basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Msifikiri kila kitu ninachosema ni cha kuliza watu. Kuna wakati rashi ya dhahabu ilitokea upande wa kwetu Segese, watu wakamiminika kama siafu, na panapokuwa na wachimbaji pana wapishi. Nikapeleka vyungu. Mama mmoja muuza chakula, mnene, mwenye maneno, alinunua chungu kwangu nilipokuwa nimetoka tu kurudi kazini, kizito kama kinu, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Niliona aibu hata kumpa. Msimu uliofuata mkono ulikuwa umeshakaa sawa, nikampelekea vyungu vyembamba, laini, vimesuguliwa kwa jiwe mpaka vinang'aa. Akavipokea, akavigeuza, akauliza, "Kile cha uvivu huna kingine?"

"Cha uvivu kipi?"

"Kile kinene. Maharage hayaungui humo hata nikienda kupiga soga. Hivi vyako vya kujidai vinataka nivikalie macho."

Nilirudi Runzewe nikamsimulia Nyamizi, akaenda akajitupa juu ya magunia kwa kucheka. Toka hapo tukifinyanga kitu kikatoka kinene, tunasema hiki kitafaa kwa maharage.

Kisha ndoo za plastiki zikaja, na sufuria zikawa rahisi. Wanawake wakaacha kununua mitungi. Tukageukia majiko ya mkaa, nayo yakaja ya bati. Wenzetu mmoja mmoja wakaacha. Mwisho tukabaki wawili, na moto wetu ukawa mdogo, tunajazia vyungu vya kuazima vilivyokwisha kuchomwa ili tu joto lishikane. Hatukuwa na huzuni sana, maana tulikuwa wawili.

Nyamizi alikufa kiangazi. Asubuhi ile alikuwa amejenga tumbo la mtungi. Ninyi mnajua, au mtajua, kwamba mtungi haujengwi kwa siku moja. Unajenga tumbo, unaliacha likaze, ndipo unaweka shingo. Ukilazimisha shingo siku hiyo hiyo, tumbo linakaa chini kama mlevi. Akafunika ukingo kwa kitambaa chenye maji ili usikauke, akanawa, akaniambia, "Shingo kesho." Alikuwa akilisema hilo kila mara, kwa vyungu na kwa mengine. Kumbe moyo wake ulikuwa umechoka. Aliingia ndani kulala mchana, hakuamka.

Kwetu wafinyanzi wa pale Runzewe kulikuwa na desturi. Mtu akifa ameacha chungu kibichi, hakimaliziwi na mwingine na hakichomwi. Mwenzake wa moto anakirudisha majini, kinayeyuka, na udongo wake anauchanganya na wa kwake. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wazee wa pale waliniambia baada ya matanga, kwa upole, kwamba Mama Shija, chungu cha mwenzako kinakungoja. Nikasema kesho.

Niliwaambia kesho mpaka wakaacha kuniambia. Mume wangu naye alifariki. Kashindye, mtoto wa Nyamizi, anaishi Kahama na ana mambo yake, akauza kiwanja. Mnunuzi alikuja kupima uani, akautazama ule mtungi usio na shingo chini ya paa la baraza, akauliza kama ni takataka. Shija, ambaye sasa ni dereva wa lori, alikuwa amenitafutia chumba hapa Kalangalala ili niwe karibu na hospitali. Basi nikapakia nguo zangu, ndoo moja ya udongo wa shimo langu, gunia dogo la vigae, na ule mtungi.

Nilipanda nao gari nimeuviringishia shuka na kanga, nimeukumbatia kifuani. Kijana mmoja akainuka akanipa kiti. Akasema, "Kaa mama, huyo mtoto atachoka." Nikakaa. Mama wa pembeni akauliza ana miezi mingapi, nikasema bado mdogo. Mpaka Katoro yule mama alikuwa ananipepea mzigo wangu kwa gazeti, anashangaa mtoto halii. Niliona haya kumwambia. Na nawaambia kweli, tulipofika nikateremka, yule mama akasema, "Mungu amkuze," nilijificha nyuma ya kibanda cha chipsi nikalia.

Chumba changu ni kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mtungi nikauweka nyuma ya mlango, ndoo ya udongo pembeni yake. Wapangaji wenzangu ni watu wema, wanaamkia shikamoo wakipita, naitikia marahaba, na maongezi yanaishia hapo. Wanatoka alfajiri kwenda kwenye shughuli zao, wanarudi wamechoka, kila mtu na mlango wake. Shija anakuja akipata mzigo wa huku. Kuna siku neno langu la kwanza kulitamka lilikuwa jioni, na nililitamka kwa mtungi. Nilikuwa nikiingia nasema, "Mwadila, Nyamizi." Ndivyo Wasukuma tunavyosalimiana mchana ukishapinduka, na Nyamizi alijifunza kwangu akawa ananiitikia kwa kunitania. Nilijua siongei na mtu. Akili zangu ninazo. Lakini mdomo usiposalimia mtu unasahau.

Ndoo nilianza kuitundikia nguo juu. Kisha nikaweka kiti mbele yake. Nikipita nilikuwa nageuza uso upande wa kitanda. Nilijua kwamba nikitaka kufinyanga tena lazima kwanza niyeyushe mtungi, ndiyo desturi, udongo wangu haukuwa huru mpaka nimfanyie mwenzangu hilo. Na nikiuyeyusha, basi hakuna kitu tena kilichoguswa na mikono yake. Kwa ndani mtungi ule una alama za vidole vyake vinne alipokuwa akilisukuma tumbo litoke nje, na ukingoni kuna alama ya dole gumba, pale alipoishia. Nilikuwa naingiza vidole vyangu mle. Havienei, vyake vilikuwa vidogo.

Kwa hiyo nikawa nimekaa nusu, kama udongo ule wa zamani. Sifinyangi, na pia siachi. Najitukana kila siku nikivuka kile kiti, kwamba mimi ni mvivu, mimi ni msaliti, Nyamizi angekuwa yeye angeshafanya. Halafu Veneranda, binti wa mwenye nyumba, akaona picha za vyungu vyangu kwa Shija, na mnajua yaliyofuata. Mkanipa soda.

Nilirudi siku ile najichukia. Ila sikufanya lolote, msidhani makofi yenu yaliniponya. Kilichonigusa ni Ester nyuma ya mabanda. Nilimwona yule mtoto akiinama ili nisimwone, na nikasema kwa sauti pale sokoni, mpaka muuza dagaa akanigeukia, "Umechelewa wapi? Nani alikuwa anakungoja?" Nilikuwa namwambia yeye. Maneno yakanirudia mimi.

Jumapili asubuhi nyumba nzima ilipokwenda kanisani, nilitoa kiti, nikatoa nguo. Nikajaza maji beseni kubwa la kufulia. Nikaubeba mtungi, mwepesi kama boga kavu baada ya miaka yote ile, nikauweka shavuni. Haukuwa na baridi. Nikasema, "Nyamizi, nimekuja." Nikauzamisha.

Hamjawahi kusikia chungu kikavu kinavyoongea majini. Kinatoa mapovu madogo madogo, na sauti kama uji unaoanza kuchemka mbali. Ukingo ulimeguka kwanza, na lile dole gumba likaondoka mbele ya macho yangu. Kisha tumbo likafunguka, bamba moja, bamba jingine, polepole, bila mimi kugusa. Nililia kwa sauti kubwa, kama msibani, maana hakukuwa na wa kunisikia. Kabla watu hawajarudi kutoka kanisani ulikuwa umekwisha, tope laini chini ya maji, hakuna hata donge moja.

Kisha, wanangu, sikufanya kitu. Niliufunika nikaacha. Siku zikapita, na safari hii sikujitukana, au nilijitukana kidogo nikanyamaza. Udongo wa ndoo nao ulikuwa umekuwa jiwe zamani, nikautia majini, ukafunguka. Nikavitwanga vigae vyangu nje, jirani akauliza kama natwanga kisamvu. Nikachanganya vyote: wake, wangu, na vile vigae ambavyo hata sijui kipi ni cha nani. Nikaanza na mfuniko. Ulitoka vibaya, nikaurudisha majini, nikafurahi kwamba nimefuata utaratibu.

Halafu nikajenga tumbo la chungu kidogo. Mikono inatetemeka siku hizi. Upande mmoja umekuwa mnene. Nikafunika ukingo kwa kitambaa chenye maji, nikasema shingo kesho. Kesho yake goti liliniuma. Kesho kutwa halikuniuma na bado sikushika kitu, nilikaa mlangoni nikatazama watu. Nililowesha tu kile kitambaa. Shingo niliiweka siku nyingine kabisa, na kama mngekuwa mmenipa mstari kwenye kalenda yenu ungekuwa mbaya kuliko wa Ester.

Chungu kina shingo sasa. Imelalia kushoto kidogo. Kitafaa kwa maharage. Jioni naingia nasema mwadila, kwa mazoea, halafu nakumbuka kwamba yule niliyekuwa namsalimia nimemchanganya na mimi mwenyewe, na chumba kinakuwa kimya zaidi ya zamani. Sitawadanganya kwamba upweke umeniisha. Haujaisha.

Ninachowaomba ni hiki. Chungu hiki hakijachomwa. Siwezi kukichoma peke yangu, niliwaeleza kwa nini, na mwenzangu wa moto nimekwisha kumyeyusha majini. Ninyi mna tanuru. Siku mtakayokuwa mnapanga vyombo vyenu, niachieni nafasi ya kitu cha ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nitakiweka shavuni kwanza, hakitawalipukia. Na ningependa Ester awe na kitu chake humo, hata mfuniko, tukiweke kando ya changu vishikiane joto. Asije na maelezo yoyote, sitayahitaji.

Msipoweza mwezi huu, basi ujao. Kipo nyuma ya mlango, kinakauka.